Nani Hajala?

Mama aliisukuma sahani kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikafika upande wangu wa meza. Hakukunja uso wala hakuguna. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akasema, "Chakula kizuri, baba. Kula wewe."

Kilikuwa kizuri kweli. Samaki alikauka vizuri kwa nje, ndani mweupe na laini. Wali ulichambuka punje kwa punje, na mchuzi ulikuwa na ule mng'ao wa nyanya zilizoiva motoni bila haraka. Mama alikuwa amekula kijiko kimoja, na cha pili alikizungusha mdomoni mpaka nikaona haya kumtazama. Mhudumu alipokuja kuuliza kama kuna tatizo, alimjibu, "Hakuna, mwanangu. Mwambie mpishi ana mkono mzuri." Mhudumu akaondoka anatabasamu, mimi nikabaki na sahani mbili mbele yangu na njaa imeniisha.

Mgahawa ule niliuchagua mimi, kama nilivyoichagua mingine yote katika safari ile. Na kuchagua migahawa, niseme bila kujivuna sana, ni kitu ninachokijua. Mimi ni fundi wa friji. Nimezunguka mji hadi mji na pikapu yangu nikitengeneza friji za mabucha, za maduka ya dawa, na zaidi za migahawa, na tumbo langu limesafiri pamoja nami. Ukifika mji mgeni usimuulize mtu wapi kuna chakula kizuri. Atataka kukufurahisha, atakupeleka penye vitambaa vya meza na maua ya plastiki. Muulize jana mchana alikula wapi. Hapo hana muda wa kutunga. Tazama pia madereva wa malori wanaegesha wapi, maana mtu anayekula barabarani kila siku hana subira na mchuzi mbaya. Na kama unaweza, pita nyuma. Mbele ya mgahawa kila mtu anajua kupaka rangi, lakini friji haidanganyi. Ukifungua mlango wake tu unajua kama utakula au utakunywa soda uende zako.

Wenzangu walikuwa wakinipigia simu kutoka safarini. "Fundi, nimekwama huku, nile wapi?" Niliwaelekeza: pita kituo cha mafuta, kata kushoto penye duka la vioo, mlango wa bluu, usiagize kuku, agiza maharage. Hakuna aliyewahi kurudi analalamika. Kwa hiyo dada yangu aliponiambia kwamba Mama hali tena, mimi nilijiambia moyoni kwamba hajapata chakula, basi. Nitamtafutia.

Yote yalianza na nimonia. Mama aliugua, akalazwa, akapona. Kikohozi kilikwisha, daktari akampiga picha ya kifua akasema mapafu ni safi. Kilichokataa kurudi ni hamu ya kula. Dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuwa amemhamishia kwake, akampa chumba chenye dirisha kubwa na kumpiga marufuku jikoni. "Umepikia watu maisha yako yote, Mama," alimwambia. "Sasa ni zamu yetu." Alimpelekea chakula kitandani kwenye sinia, katika sahani ya kaure ya wageni. Mama alipakuliwa wa kwanza, kabla ya watoto, kabla ya shemeji, na kipande chake cha nyama kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kisha dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda kumtazama. Sote tulimtazama. Hata wajukuu walijipanga mlangoni kumwangalia bibi akila. Mama alichukua vijiko viwili, akashukuru, akarudisha sinia. Kila nilipokwenda kumwona, gauni lake lilikuwa limezidi kupanuka.

Mwishowe dada aliamua. Alinifuata uani nikiwa napakia vifaa vyangu kwenye gari.

"Jumatatu analazwa," alisema. "Nimeshazungumza na wodi. Watamlisha kwa mpira wa puani."

"Mama? Kwa mpira?"

"Wewe unataka nimwangalie tu mpaka aishe?"

Sikutaka hivyo. Lakini nilimjua Mama, na nilikuwa na hakika kwamba akilala kwenye kitanda kile na mpira puani, hatashuka akiwa yuleyule, kama atashuka. Niliogopa, na nikiogopa huwa nasema maneno makubwa. Nilikuwa na kazi ya wiki nzima kwenye miji ya barabara ya kaskazini. Nikamwambia nitakwenda naye. Huko njiani hakuna mgahawa mzuri nisioujua, na nisioujua nitautafuta mpaka niupate.

Dada alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mgonjwa unampeleka mahotelini?"

"Wewe si umemlisha nyumbani? Imesaidia nini?"

Neno lile lilimchoma. Aliingia ndani, akamfungia Mama nguo kwenye begi, na juu yake akaweka chupa ya uji wa moto. Aliponikabidhi alisema, "Ukimrudisha hivihivi, hatujadiliani tena."

"Hatujadiliani," nikakubali.

Mama alifurahia safari. Huyo hakuwa mtu wa kusafiri, maana maisha yake yote alikuwa ameyamaliza katika kantini ya kiwanda cha nguo, akiwapikia wafanyakazi wa zamu zote. Walimwita Kamanda. Mafundi wa mitambo, watu wenye misuli na matusi, walikuwa wakimpokea sahani kwa mikono miwili. Aliweza kuona kutoka upande wa pili wa ukumbi kwamba mtu hajamaliza mboga, na alimfuata. Kiwanda kilipofungwa aliendelea kupika nyumbani kana kwamba hakijafungwa, masufuria makubwa kwa watu wachache, na majirani walinona. Sasa alikuwa ameketi karibu nami kwenye pikapu, mwepesi, mkanda wa kiti ukimpita kifuani kama umefungwa kwenye mto, akisoma mabango ya barabarani kwa sauti.

Nilimpeleka kwanza penye supu, karibu na daraja, ambako madereva huegesha pande zote mbili mpaka njia inaziba. Alikunywa kidogo akasema, "Supu safi." Nikampeleka kwa mzee mmoja anayechoma nyama huku akiimba, na hapendi mteja mwenye haraka. Mama akasema, "Nyama laini hii." Katika mji uliofuata sikuwa na mgahawa wangu, kwa hiyo nilifanya utafiti. Niliuliza karani wa benki, nikauliza fundi viatu, nikauliza askari wa zamu, jana mlikula wapi, jana mlikula wapi, na wote wakanitajia mlango mmoja, nyuma ya soko. Humo ndimo tulimokula yule samaki. Ndimo alimosema, kula wewe.

Kilichonitisha si kwamba hakula. Kilichonitisha ni sifa. Mama niliyemjua mimi hakuwa anasifu chakula cha mtu. Mama niliyemjua alikuwa akipelekewa sahani ya harusi na jirani, anainusa, anasema, "Huyu kitunguu amekikaanga huku anaongea," na anakula huku analalamika mpaka mwisho. Sasa kila mpishi alikuwa na mkono mzuri, kila mchuzi ulikuwa safi. Alikuwa akisifu kama mtu anayeaga. Jioni ile chumbani, katika nyumba ya wageni, nilimsikia upande wa pili wa pazia akijigeuza kitandani, na kitanda hakikulia hata kidogo. Nilijifunika shuka usoni nikalia kimya, mtu mzima na mvi zangu.

Ikafika Jumamosi. Kesho yake tulikuwa turudi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye mgahawa wa mwanamke mmoja ambaye mji mzima ulimwita Anti. Mgahawa ule nisingempeleka hata mtu niliyekosana naye. Ulikuwa kando ya barabara kuu iliyokuwa inatanuliwa, na ulijaa kila mchana kwa sababu moja tu, kwamba wajenzi wa barabara hawakuwa na pengine pa kula. Mpango wangu ulikuwa nizibe friji yake inapovujia, halafu nimkimbize Mama kwenye mgahawa wa mwisho niliokuwa nimeuwekea matumaini, mwendo kidogo mbele. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki uani, chini ya bati, karibu na mlango wa jiko kwa kuwa ndiko kulikokuwa na upepo.

Anti alikuwa analia. Mpishi wake alikuwa amevua aproni asubuhi ile, akaitupa juu ya meza na kuondoka. Anti alijua kupokea wateja, kutania wateja, kuwafuata wateja hadi barabarani, lakini kupika hakujua. Alikuwa yeye na mwosha vyombo, mama mmoja mkimya, wanahangaika na masufuria makubwa kuliko wao. Wajenzi walikuwa wako njiani.

Mimi hayo hayakunihusu. Nililala kifudifudi nyuma ya friji nikaanza kuutafuta ule ufa mdogo unaotoa gesi. Ndipo nikamsikia Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wali unashika."

Anti na mwosha vyombo waliendelea kuhangaika na masufuria.

"Wali unashika chini, jamani."

"Tulia tu mama yangu, tunaushughulikia," alisema Anti.

Nikasikia kiti kikiburuzwa kwenye saruji. Nilitoa kichwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja kwenye fremu, gauni likimning'inia.

"Nani kaweka moto wote huu chini ya wali?"

Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu kabla ya hospitali. Ilikuwa sauti ya kantini, sauti inayopita juu ya mashine. Anti aliacha kulia papo hapo.

"Epua. Usikoroge! Ukiukoroga, harufu inaingia wote. Lete kitambaa, kiloweke, weka sufuria juu yake. Kata kitunguu uweke juu, funika. Wewe, nani, mwenye mdomo, kata vitunguu vingine." Anti akachukua kisu. "Taratibu! Kitunguu hakijakukosea kitu." Kisha Mama akainua kifuniko cha maharage, akachota mchuzi kwa mwiko, akaudondoshea kiganjani kama anavyofanya siku zote, akaulamba. "Haya mmewapikia ng'ombe? Chumvi yote hii! Menyeni viazi, vizima, tumbukizeni."

Nilikuja mbio na bisibisi mkononi. "Mama, daktari alisema upumzike."

"Daktari yuko hapa?"

"Hayuko."

"Basi shika huko upande wa pili tubebe."

Tukabeba. Uzito wote niliubeba mimi, nilihakikisha, lakini yeye alishika. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele. Nilikuwa na hofu ataanguka, na hapohapo nilitaka kucheka kwa furaha, kwa sababu Mama alikuwa analalamika. Alilalamikia visu. Alilalamikia sufuria zilizobonyea. Alisema jiko limejengwa na mtu asiyewahi kula. Alimwambia mwosha vyombo kwamba ndiye pekee mwenye akili humu ndani, na yule mama mkimya akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Wajenzi wakafika. Viatu vyao vilijaa vumbi, kofia zao za plastiki wakazipanga chini ya benchi. Mama alisimama mbele ya sufuria na upawa, akapakua. Nilichukua sahani kwake nikapeleka mezani, nikarudi, nikapeleka, fundi nimekuwa mhudumu. Kelele za ukumbini zikapungua, zikawa zile kelele nyingine, za vijiko. Msimamizi wao, mtu mwenye kipaza sauti kifuani, alichungulia jikoni akauliza, "Anti, leo kuna nini?" Anti akamjibu, "Leo kaa kimya ule." 

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa ambalo familia yetu yote ilikuwa inalifanya tangu Mama atoke hospitali. Niliona pumzi zimemwishia. Nikachukua sahani nzuri kuliko zote, nikamchagulia nyama, nikamwekea wali wa juu usio na harufu, nikamvutia kiti. "Mama, watasubiri kidogo. Kula wewe kwanza."

Aligeuka akanitazama kana kwamba nimetema mate sakafuni.

"Kwanza?" alisema. "Watu hawajala."

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kupakua.

Nilisimama pale na ile sahani. Na nikiwa nimesimama, nilikumbuka kantini ya kiwanda, niliyoipitia kila siku nikitoka shule. Nilikuwa nasubiri kwenye ngazi ya nyuma mpaka king'ora cha zamu kilie na ukumbi uwe mtupu. Wafanyakazi wameondoka, wasaidizi wake wamekula, mimi nimekula. Ndipo Mama alipokuwa anavuta kreti ya soda, anaipindua, anakaa, anaiweka sufuria katikati ya magoti, na kukwangua. Alikula ukoko na mchuzi wa mwisho. Alikula taratibu, macho ameyafumba nusu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha. Nilikuwa nadhani anafanya vile kwa sababu chakula kimeisha. Lakini nyumbani pia, sasa nilipojaribu kukumbuka, sikuweza kumwona Mama mezani. Nilimwona amesimama. Nilimwona anaongeza mboga, anapeleka maji, anauliza nani hajala. Alipotosheka kwamba hakuna, alirudi jikoni, na sisi tulisikia kijiko.

Mwanamke huyo ndiye tuliyemlaza kitandani, tukampakulia wa kwanza, katika sahani ya wageni, tukamzunguka kumtazama. Chakula kilikuwa hakipiti kooni kwa sababu watu walikuwa hawajala! Asingeweza kutuambia. Sidhani kama alijua mwenyewe. Kwake yeye, kula mbele ya watu wenye njaa lilikuwa jambo ambalo mwili unalikataa, na sisi tulikuwa tumemketisha mbele ya watu wenye njaa mara tatu kwa siku, tukimsihi. Na mimi mjuzi wa migahawa nilikuwa nimemzungusha barabara nzima kumkalisha kwenye viti vya wateja.

Nikaishusha ile sahani, nikampelekea msimamizi. Kisha nikarudi kubeba.

Wajenzi walimaliza, wakarudisha sahani wenyewe, jambo ambalo Anti alisema hajawahi kuliona. Wakatoka wakinyoosha migongo. Mama alifuta upawa kwa kitambaa, akatazama ukumbi mtupu, akatazama jiko.

"Nani hajala?"

"Wote wamekula, mama," alisema Anti.

"Wewe je?"

"Nimekula nimesimama."

"Na yeye?"

Mwosha vyombo aliinua sahani yake iliyokwisha.

Macho ya Mama yakanijia. "Na wewe?"

Sikuwa nimekula. Niliielewa hatari, na niliielewa bahati pia: kati ya Mama na chakula nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Niliketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikajipakulia, nikala kwa kasi ambayo sijawahi kula na sitakula tena. Viazi viliniunguza kaakaa, machozi yakanitoka, nikameza. Nilifuta sahani kwa kidole ili asiwe na shaka.

"Nimeshiba," nikasema.

"Una hakika?"

"Hakika, Mama. Hata maji hayaingii."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama huku na huku, akaona kreti, akaivuta kwa mguu, akaipindua. Akakaa na kuishusha sufuria ya wali katikati ya magoti yake. Mchuzi uliobaki akaumimina humo humo.

Mimi niligeuka haraka nikarudi nyuma ya friji, na Anti alipofungua mdomo kusema kitu nilimwashiria atoke, na yule mama mkimya naye akamshika mkono akamtoa. Nililala kifudifudi uso ukiwa karibu na kompresa, sikuona kitu. Nilisikia. Kwanza kimya, halafu kijiko kikagusa chini ya sufuria, kikakwangua. Kikanyamaza kwa muda wa kutafuna. Kikakwangua tena, na tena, mduara mzima, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iwe mpya. Muziki nimewahi kuusikia mwingi maishani, harusi za watu nimecheza, lakini hakuna ulionifanyia kama kile kijiko. Nililia mpaka vumbi la chini ya friji likawa tope.

"Wewe huko nyuma," sauti ya Mama ikasema baada ya muda mrefu. "Bado chumvi imezidi kidogo."

"Ndiyo, Mama."

"Unaniitikia tu au umesikia?"

"Nimesikia, Mama! Imezidi!"

Friji niliitengeneza, na mpaka leo inafanya kazi. Anti alimshika Mama mikono, akamwambia abaki, atampa chumba, atampa cheo, atampa chochote. Mama alimuuliza mpishi wake amekasirika kwa nini. Anti, kwa aibu, akasema mpishi alilalamika kwamba jiko ni dogo. "Jiko ni dogo," Mama akamwambia. "Nenda kamwombe msamaha, na uvunje ukuta ulipanue." Usingizi ulimchukua kabla hatujatoka mjini, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo, na niliendesha polepole sana, nikikwepa kila shimo, huku nikiimba.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Gauni lilimjaa tena, na baadaye likambana, akalalamikia mshonaji. Watu bado wananipigia simu kuniuliza wale wapi, na ninawaelekeza. Anti ana jiko kubwa siku hizi na mpishi wake ni yuleyule. Ukipita huko, agiza maharage. Lakini siku ninayoitunza kama mtu anavyotunza kombe kabatini ni ile Jumapili tuliporudi nyumbani.

Dada alikuwa akitusubiri mlangoni. Alikuwa amevaa nguo za kazi, begi la hospitali la Mama limeshafungwa, limeegemezwa ukutani. Mezani palikuwa na sinia tayari, na juu ya sinia ile sahani ya kaure, imejaa, na mvuke unapanda. Shemeji na watoto walikuwa wamekaa pembeni wakisubiri bibi aanze. Mama aliwasalimu, akaipita meza, akaingia jikoni moja kwa moja. Tukasikia kabati likifunguliwa.

"Anakwenda wapi?" dada akauliza. "Mama! Njoo ukae, chakula kinapoa."

Nilimshika mabega, nikamsogeza mpaka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya ile sahani. "Kaa," nikamwambia. "Kula."

"Hiki ni cha Mama."

"Najua. Kula wewe. Kula chote, na watoto wale. Dada, niamini leo tu, halafu utanitukana mwaka mzima."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alikaa. Akachukua kijiko, akala kwa mashaka, akiwa ananitazama mimi, kisha mlango wa jiko. Watoto nao wakavamia sahani zao. Mama alitoka ameshika upawa na bakuli la mboga, akazunguka meza, akaongeza hapa, akaongeza pale, akamwambia shemeji amekonda. Alipofika kwa dada alisimama nyuma yake mpaka sahani ikawa tupu. Halafu akauliza swali lake, mezani kote, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu kwamba ameshiba. Akarudi jikoni.

Kijiko kikaanza kukwangua.

Dada yangu aliacha kutafuna. Alikuwa bado ana tonge la mwisho mdomoni. Alisikiliza, muuguzi aliyesikiliza vifua vya watu maisha yake yote, na machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyafuta. Kisha akachukua simu yake juu ya meza, akapiga wodini.

"Ni mimi," alisema, tonge likiwa bado shavuni. "Kile kitanda cha kesho. Mpeni mtu mwingine."

"Wewe!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Nani anaongea na chakula mdomoni?"